Kilichoandikwa Nyuma ya Picha

Jumapili, 11 Februari

Leo nimefungua studio kwa mara ya kwanza tangu tumzike mke wangu Esther. Sikuja kufanya kazi, nilitaka tu hewa ipite. Karatasi za picha zimeshika unyevu. Koti langu la harusi bado linaning'inia kwenye msumari nyuma ya pazia, lile tunalowaazima watu wanaokuja kupiga paspoti wakiwa na fulana. Kifungo chake cha pili ni cha bluu. Cha asili kilipotea, Esther akashona alichokipata, akasema kwenye picha ya paspoti hakuna atakayekiona.

Yunisi, dada yangu, ndiye aliyeninunulia daftari hili. Anasema siku hizi naongea peke yangu. "Kama lazima uongee, kaka, ongea na karatasi. Majirani wanasikiliza."

Jumatano, 14 Februari

Mvua kutwa.

Jumamosi, 17 Februari

Maji ya ziwa yamefika kwenye meza za akina mama wa dagaa. Wamezisogeza juu, wakacheka, wakaendelea kuuza. Mwenye nyumba amepita kuniambia kwa upole kwamba yeye ameshahamisha mbuzi wake, kwa hiyo na mimi nifikirie.

Yunisi anataka nihamie kwake Buzebazeba, chumba cha mbele. Nitapeleka kamera, printa na mkasi. Kompyuta nitaiuza, kuna shule inaitaka. Katika studio hii mimi nilikuwa mtu wa mkasi, Esther mtu wa kompyuta. Yeye alipiga picha na kuiingiza mle ndani, mimi nilisubiri printa iitoe nikate kingo.

Picha zote mle zina namba tu. Mteja akirudi baada ya miaka, Esther alifungua kidirisha alichokiita Tafuta, akaandika jina, na sura ya mtu ikatokea. Watu walishangaa. Mimi nilizoea, na sikuwahi kuuliza jina linakaa wapi ikiwa nje kuna namba peke yake. Wakati mmoja aliniambia, "Baba aliandika kwa penseli nyuma ya picha. Na mimi naandika nyuma." Baba yake alipiga picha hapa hapa Ujiji, enzi za kusafisha filamu gizani. Esther alisema jina likiwa mbele, kila anayesimama kaunta analisoma, na wapo wasiopenda kusomwa, hasa wale waliovuka kutoka Burundi. Nilimwelewa kuhusu watu. Kuhusu kuandika nyuma nilidhani ananitania.

Jumamosi, 24 Februari

Nimehamisha picha zote kwenye flash, mimi mwenyewe. Niliishika folda, nikaivuta, nikaiachia, na mstari ukaanza kujaa taratibu. Umeme haukukatika. Mwisho nikafungua nikaziona zote: maharusi, wanafunzi, wazee wa paspoti. Nilijisikia fahari kidogo, nikatafuta wa kumwonyesha.

Nikamwonyesha Yunisi. "Mbona hazina majina?" akauliza.

"Ndivyo Esther alivyopanga."

"Haya."

Jumanne, 27 Februari

Nimeipeleka kompyuta Rusimbi kwa fundi Alphonce aifute na kuiweka tayari kwa ajili ya shule. Alphonce ndiye aliyemwekea Esther ule mfumo wa Linux, mwaka ambao flash za wateja zilituletea virusi mpaka mashine ikagoma kabisa. Alimwita Esther dada, kwa hiyo mimi ni shemeji yake, na kwa hiyo kazi zetu huzichelewesha bila aibu.

"Picha umekopije, shem?"

"Kama watu wote wanavyokopi."

"Kwa amri au kwa kuvuta?"

"Kwa mkono wangu, Alphonce. Wewe futa, ukimaliza nipigie."

Akajikuna kidevu. "Haya. Kesho kutwa."

Jumamosi, 2 Machi

Kesho kutwa imeshapita.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Ugali wa muhogo na samaki, migebuka. Esther alikuwa anakula kichwa na kuniachia sehemu nyingine yote, na mpaka leo sijui kama alikipenda kichwa au alinipenda mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimehama. Akina mama wa dagaa walinibebea vitu mpaka barabarani, mmoja akiwa amevaa koti la harusi juu ya kanga ili lisilowane, wenzake wakimwita bwana harusi. Maji yalikuwa yameshaingia chini ya mlango. Sikugeuka kuangalia.

Jumatano, 13 Machi

Alphonce amepiga simu. Sikupokea. Najua anataka kusema nini, na mimi nimechoka na kesho zake.

Jumamosi, 16 Machi

Amepiga tena, mara mbili. Anayetaka kuahirisha aahirishe, hahitaji nimsikilize.

Ijumaa, 22 Machi

Mchana walikuja watu wawili, bibi na mjukuu. Walianzia Ujiji, wakakuta maji ndani ya studio, akina mama wa dagaa wakawaelekeza huku. Bibi ameshika bega la binti kwa sababu haoni. Anaitwa Révérienne. Binti ni Ella, bado mwanafunzi.

"Amahoro, baba," bibi akanisalimu. "Tunamtafuta Mama Picha."

Ndivyo mtaa ulivyomwita Esther. Hatukujaliwa mtoto, na watu hapa hawapendi kumwita mtu mzima kwa jina tupu, wakampa picha ziwe wanawe.

"Alifariki, mama. Mwezi wa kwanza."

Akaondoa mkono kwenye bega la Ella akaunyoosha mbele, ukabaki hewani mpaka nilipoushika. "Pole, baba," akasema. "Basi mimi na wewe tuko sawa."

Yunisi akaleta chai, na Révérienne akaeleza. Mwaka ule watu wengi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani, yeye na mume wake Barutwanayo walivushwa kwa meli mpaka Kigoma wakawekwa uwanja wa mpira. Siku moja Barutwanayo alitoka akaenda kupiga picha kwetu. Kabla hajairudia, wakapakiwa kwenye magari kwenda kambini. Huko aliugua akafa. Picha nyingine Révérienne hana. Ile ya harusi ilibaki kwenye nyumba iliyochomwa. Halafu macho yake yakaanza kufifia, na daktari amemwambia hayatarudi.

Sasa wamejiandikisha kurudi Burundi. Basi lao ni Jumatano. Nyumbani ukoo unawasubiri wafanye sherehe ya kumaliza matanga, ambayo haikufanyika miaka yote hii.

"Niliondoka na mtu," akasema. "Siwezi kurudi na jina tu."

Nikamuuliza Ella kama anamkumbuka babu yake.

"Namkumbuka mgongo," akasema. "Alinibeba kupanda mlima wa Kagunga. Nilikuwa naona shingo tu."

Bonfils, baba yake Ella, mtoto wao wa pekee, alifariki kabla hawajavuka. Kwa hiyo kati ya wawili hawa mmoja anaujua uso na haoni, mwingine anaona na haujui.

Nikawaambia waje kesho. Nilisema kwa kujiamini kabisa, kwa sababu flash ninayo.

Jumamosi, 23 Machi

Sina kompyuta, kwa hiyo tulikwenda kwa jirani, mwalimu Gasper, mwenye laptopu. Akachomeka flash, akaandika jina kwenye sehemu ya kutafutia. Hakuna. Akaandika nusu ya jina. Hakuna. Akabonyeza picha moja atazame taarifa zake: namba, ukubwa, tarehe, basi.

"Mama Picha aliandika wapi majina?" akaniuliza.

"Nyuma."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mfiwa.

Tukaanza kufungua picha za mwezi ule walipovushwa. Wanaume peke yao ni mamia, na karibu wote wamevaa koti langu, kama watu wa ukoo mmoja. Ella alizitazama moja moja. "Bibi, alikuwa na kovu? Masharubu?"

"Hapana. Alikuwa na uso wa mtu mwema."

Tukaendelea mpaka macho ya Ella yakawa mekundu. Bibi alipotolewa nje apumzike kwenye baraza, Ella akasema kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Babu Leodgar, tukichagua yeyote, yeye hataona."

Ni lazima niandike kwamba kwa muda mfupi niliwaza hivyo hivyo, na nilikuwa nimeshamchagua, mzee mmoja mwenye tabasamu. Lakini Révérienne alijibu kutoka barazani.

"Mimi sioni, Ella. Huko tunakokwenda wanaona."

Ella akaziba uso kwa mikono. Gasper akajifanya anatafuta chaja.

Ndipo nilipompigia simu Alphonce kumwambia asiifute kompyuta. Haipatikani.

Jumapili, 24 Machi

Haipatikani. Duka lake limefungwa, jirani anasema yuko kwenye harusi Kasulu. Wiki tatu na zaidi nimemlaani kwa kuchelewa. Leo nimekaa kanisani nikiomba awe amechelewa.

Jumatatu, 25 Machi

Tulimkuta anafungua kufuli, mimi, Révérienne na Ella. Nilimuuliza hata kabla ya salamu.

"Umeifuta?"

"Shem, kaa kwanza."

"Alphonce."

"Sijaifuta. Sasa kaa, na umpe mama kiti."

Nikakaa. Alphonce akaitoa kompyuta ya Esther chini ya meza, imefunikwa na turubai dogo ili maji ya paa yasiidondokee. Aliikuta na majina siku ile ile ya kwanza, akasema. Alinipigia. Watu wa shule nao wakampigia, wakamwita tapeli, akawaambia umeme unasumbua.

"Si ungekuja nyumbani ukaniambia?"

"Nilikuja. Siku uliyohama. Nikakuona umesimama barabarani na printa kichwani, huongei na mtu. Nikasema huyu nikimwambia kazi yake aliyoifanya kwa mkono wake ameiharibu, leo si siku yake."

Nikasema, "Nionyeshe."

Akawasha. Akafungua kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akaingia kwenye folda ya picha, akaandika getfattr -d na namba ya picha mojawapo. Chini yake ikatokea mistari miwili. Mmoja ulianza na user.jina, mwingine na user.maelezo, na mbele yake maneno ya Esther. Niliyajua hata kabla ya kuyasoma, kwa jinsi anavyofupisha.

"Hii ndiyo nyuma ya picha," Alphonce akasema. "Faili lina vitu vyake vya ndani, ndiyo sura yenyewe. Lina jina lake la nje, ndiyo namba. Na mfumo huu unaruhusu kulishikizia vijikaratasi vingine, uandike utakacho. Ukilifungua kama picha huvioni. Ukibadilisha jina la nje vinabaki. Nilimfundisha mimi, akanipita. Kile kidirisha cha Tafuta alikitengeneza mwenyewe."

"Na flash yangu?"

"Flash yako imepangwa kwa mtindo wa zamani. Inajua namba, ukubwa na tarehe. Ukiipa kijikaratasi inakiacha mlangoni, na haisemi. Ndiyo ubaya wake, haisemi. Hata hapa kwenye mashine yenyewe, amri ya kunakili, cp, usipoiambia ibebe kila kitu inabeba sura peke yake. Unaiongezea -a."

Révérienne alikuwa amekaa, mikono magotini. "Mwanangu," akasema, "huyo Barutwanayo yumo?"

Alphonce akafungua Tafuta. Akaandika Barutwanayo.

Hakuna.

Akaandika herufi za mwanzo tu. Hakuna. Akachambua folda nzima kwa amri, mistari ikapita kwa kasi, akatikisa kichwa. Nje mvua ilikuwa imeanza kwenye mabati, na Ella akamsogelea bibi yake.

Mimi nilikuwa nasoma ile mistari inavyopita. Mama Feliksi wa Mwanga. Baba Pastory, mwalimu. Mama Thobias, mjamzito. Baba Samson na baiskeli yake. Nikamwona Esther kabisa, amekaa hapa, mtu mzima yuko mbele yake, anamuuliza kwanza ana mtoto nani.

"Alphonce," nikasema, "Esther hawezi kumwandika mzee kwa jina tupu. Angeona amemkosea adabu. Andika Bonfils."

Ukaja mstari mmoja. Alphonce akausoma kwa sauti, polepole.

"Baba Bonfils, wa Kagunga. Hajachukua. Mvua kubwa. Ameomba akae na koti la Leodgar mpaka mvua iishe. Amelirudisha amelikunja vizuri."

Nikamkumbuka. Sikumkumbuka kwa sura wala kwa jina, lakini koti nililikumbuka. Kuna siku nililikuta juu ya benchi limekunjwa pande nne, kama kitenge cha dukani, nikamuuliza Esther nani kalikunja hivi, akasema mgeni.

Picha ikafunguka. Mwanaume wa makamo, mashavu yameingia ndani, anatazama kamera kama anayesubiri kuulizwa swali.

"Yukoje?" Révérienne akauliza.

Ella akasogea karibu na skrini. "Ana masikio yangu, bibi."

Bibi akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ndiye. Nilikuwa namtania kwa hayo masikio. Ndiye."

Jumanne, 26 Machi

Nimeichapa picha kubwa, na ndogo ya kuweka kwenye pochi, nikaikata kingo mwenyewe. Walipokuja kuichukua, Ella alifurahi na bibi yake akafurahi kwa kuwa Ella amefurahi. Bibi aliishika karatasi kwa vidole, akaigeuza, akairudisha. Nilimwona anatafuta kitu ambacho karatasi haina.

Nikaenda nyuma ya mlango nikalichukua koti.

"Mama, hili ndilo alilovaa."

Akalipokea mapajani. Akapitisha mkono kwenye kola, akashuka begani, akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa koti mpaka mwisho. Akakaa hivyo, amelivaa upande mmoja. Halafu vidole vikashuka kwenye vifungo.

"Hiki si mwenzao."

"Hicho ni cha bluu. Mke wangu alikishona. Kwenye picha hakionekani."

"Lakini kipo," akasema.

Nikamwambia aende nalo. Akakataa, akasema ni la harusi yangu. Nikamwambia nimeshalivalia harusi, na wengi wamelivaa tangu hapo, lakini aliyelikunja ni mmoja. Yunisi, ambaye miaka yote amekuwa akiniambia nilitupe koti lile, akaingia ndani kutafuta mfuko mzuri.

Kabla hawajaondoka nikawapiga picha, bibi amelivaa, Ella amesimama nyuma yake. Alphonce amenirudishia kompyuta na karatasi yenye amri kwa herufi kubwa. Niliandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja, setfattr, halafu jina la kijikaratasi, halafu maneno: Mama Bonfils na Ella, wa Baba Bonfils. Koti limekwenda nao. Kisha nikaandika getfattr nione kama maneno yamekaa. Yamekaa.

Jumatano, 27 Machi

Wamepanda basi asubuhi. Ella alipunga mkono. Bibi alikuwa dirishani na koti, joto lote lile.

Jumanne, 2 Aprili

Nimewaambia watu wa shule siuzi. Alphonce amewatafutia nyingine, na sasa wanamsifu.

Jumamosi, 6 Aprili

Alphonce alikuja na diski ya nje aliyoipanga upya ili ivipokee vijikaratasi. Ile flash nayo hakuitupa. Alizifunga picha zote kwenye furushi moja kwa amri ya tar, akaongeza neno --xattrs, akaliweka humo. Anasema furushi likifungwa hivyo, flash inalibeba bila kujua ndani kuna nini. Siku ya kulifungua nalo lazima uliseme neno lile lile, usije ukasahau. Nimeliandika kwa wino kwenye ganda la flash.

Yunisi alimpikia mawese na samaki. "Huyu ndiye uliyesema mvivu?" akaniuliza mbele yake.

"Shem alisema hivyo?" Alphonce akasema. "Hakukosea sana."

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Wateja wawili.

Jumapili, 28 Aprili

Leo nilitazama nyuma ya picha ya Esther, ile tuliyoiweka juu ya jeneza. Hakuna kitu. Nikadhani nimekosea amri, nikarudia. Hakuna.

Nimempigia Alphonce, akapokea mara moja. Akaniuliza kama kuna aliyeigusa. Nikakumbuka: Castory, kaka yake Esther, siku ya msiba aliipunguza kuondoa mti uliokuwa nyuma, akahifadhi juu ya ile ile. Alphonce akasema programu ile ikihifadhi huandika faili jipya na kulitupa la zamani, na kijikaratasi chake kinaondoka nalo. Hakuna pa kukitafuta.

"Pole, shem."

Sitamwambia Castory. Alikuwa analia wakati anaikata.

Jumatano, 8 Mei

Hakuna mvua leo wala jana. Jua linatoka juu ya vilima mapema.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekwenda Ujiji. Maji yametoka chini ya mlango wa studio, yameacha tope na ganda moja la konokono kwenye benchi la wateja. Akina mama wa dagaa wamerudisha meza zao chini kidogo. Wakauliza koti liko wapi. Nikawaambia liko Burundi, limepata harusi nyingine.

Jumapili, 19 Mei

Asubuhi, kabla ya kanisa, nimewasha kompyuta nikaifungua picha ya Esther, nikaitazama muda mrefu. Wiki tatu hizi nilikuwa najiuliza alikuwa ameandika nini nyuma yake mwenyewe, na huenda hakuandika kitu, kwa sababu yeye alijijua. Aliyekuwepo siku ile ni mimi. Kamera nilishika mimi.

Nikaandika, kidole kimoja kimoja:

Mama Picha. Esther wa Leodgar. Anacheka kwa sababu ya kwanza niliipiga bila kutoa kifuniko cha lenzi. Nyuma yake kulikuwa na mti.

Nikaandika getfattr. Yakatokea yote. Nikaizima kompyuta, nikavaa viatu. Yunisi alikuwa akinisubiri mlangoni.